Damu Iliyosema Mawili

Nandagala, Ruangwa
20 Aprili 2025

Mpwa wangu Munira,

Pokea salamu za nyumba nzima, nikianza na za Mama Rukaiya, ambaye amesimama nyuma yangu ahakikishe nimemtaja mke wa mjomba wako kabla ya mbuzi. Basi nimemtaja. Na yule mbuzi mweusi uliyemkimbia siku ya Idi amezaa mapacha. Mvua imeacha vizuri, ufuta umesimama, na dada yangu Mwanamvua, mama yako mkubwa, bado anatembea na fimbo asiyoihitaji ila kwa kunyooshea watu. Mtoto Asmaa hajambo? Mwambie babu yake anamkumbuka.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizia bei ya ufuta. Halafu ukiongea kwa simu katika nyumba hii, jirani anakujibu kabla ya yule uliyempigia. Barua hii nampa dereva wa gari la Noah, niliyemfundisha darasa la nne. Kusoma alikuwa mzito, lakini kutumwa hajambo.

Sasa jambo lenyewe. Tumbo langu unalijua. Tangu mwaka jana linajaa, linanguruma, na nikimaliza kula inanibidi nitembee haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Nimepungua. Mwezi huu likaja gari la vipimo pale Nanganga, vijana wenye makoti meupe, wakatutoa damu, damu ikaenda Dar es Salaam, majibu yakarudi. Munira, nimepata jina la ugonjwa! Utumbo wangu unavuja. Kuna kitu ndani ya damu kinaitwa zonulini, na cha kwangu kimepita kiasi karibu mara mbili. Namba imeandikwa na nukta yake na tarakimu mbili nyuma ya nukta. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi, naiheshimu nukta.

Wamenikataza muhogo, mbaazi, kisamvu, korosho na pilipili, yaani karibu kila kinachoota wilaya hii. Nimebaki na uji wa mchele na unga wao wa kopo. Mama Rukaiya anapika kwa ajili ya wengine na mimi nakaa barazani peke yangu na kibakuli changu. Lakini moyo umetulia, maana ugonjwa wenye jina si wa kuogopa sana.

Wewe ndiye mtu wa maabara. Nieleze hiyo zonulini kama nilivyokueleza wewe sehemu na desimali, polepole na bila kunigombeza.

Mjomba wako,
Bakary


Nachingwea
11 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe Mama Rukaiya shikamoo yake pia, na Mama Mkubwa, na ile fimbo. Sisi huku wazima. Asmaa ameanza chekechea na juzi amerudi nyumbani akitutangazia kwamba yeye ndiye kiranja. Hakuna aliyemchagua. Nikasema, huyu ni damu ya mjomba.

Barua imechelewa kwa sababu nimeisoma mara nyingi, na nilitaka kwanza kuwauliza waliosoma kuliko mimi. Naanza polepole, kama ulivyotaka.

Ukuta wa utumbo ni kama mkeka. Chembechembe zimepangwa ubavu kwa ubavu na zimeshonwa pamoja. Mishono hiyo hulegea kidogo na kukaza, kupitisha kinachotakiwa. Zonulini ni protini inayodhaniwa kulegeza mishono. Ndipo watu wakasema, tukiikuta nyingi kwenye damu, basi mkeka umelegea. Wazo si baya, Mjomba. Kazi iko kwenye kuipima. Vipimo vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vilichunguzwa na wataalamu, vikakutwa vinakamata protini nyingine kabisa na kuzihesabu kuwa zonulini. Ni sawa na kuhesabu mahudhurio ya darasa la tano kwa kuhesabu kila mtoto aliyevaa sare barabarani. Namba utaipata, na nukta yake utaipata.

Zipo alama nyingine za damu zinazotumika. Moja hutoka kwenye chembechembe za ukuta zikiumia, nyingine hutengenezwa na ini vipande vya bakteria vikipenya. Nazo zina maana kwenye utafiti, kwa watu wengi wakilinganishwa. Lakini kwa mtu mmoja hupanda na kushuka kwa homa, kwa unene, hata kwa alichokula. Mwenye tumbo zima anaweza kuwa na namba kubwa, na mgonjwa akawa na ndogo. Hakuna daktari hapa anayemwandikia mtu ugonjwa kwa namba hiyo peke yake.

Kwa hiyo sisemi huumwi. Unaumwa. Nasema karatasi ile haijui unaumwa nini, na wewe unaacha kula kwa amri yake. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Naomba kitu kimoja. Tuletee haja kubwa, kidogo tu, kwenye kikopo kisafi, tuiangalie kwenye hadubini. Kama Nachingwea ni mbali, hata hospitali ya hapo Ruangwa wanapima. Ni kipimo cha zamani na cha bei ndogo, na mara nyingi ndicho kinachotoa jibu.

Wako,
Munira


Nandagala
8 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku tulipokuwa tunakata ufuta, nikaisomea shambani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka huu umekubali. Mama Rukaiya ameshaamua mabati mapya yatakaa wapi, mimi nimeamua kunyamaza, na amani imetawala. Idi tumeisherehekea vizuri. Walichinja, wakala, nikatazama. Harufu si haramu.

Mfano wako wa sare umenifurahisha, ningeutumia darasani. Hata hivyo sikubaliani nawe moja kwa moja. Damu ni damu. Huzunguka mwili mzima, hupita kila mahali, itakosaje kujua kinachotokea tumboni? Na utoaji wake una heshima. Mtu unakaa kwenye kiti, unakunja shati, unamtazama kijana usoni, mnaagana kwa kupeana mikono. Mgonjwa anabaki mtu.

Mwanamvua alianguka kidogo kisimani lakini hakuumia. Aliyeumia ni aliyemcheka.

Kuhusu lile jambo lako la mwisho, mwandiko wako pale ulififia sijauelewa. Usisumbuke kuurudia.

Mjomba wako,
Bakary


Nachingwea
29 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwandiko wangu ulinifundisha wewe, na haujawahi kufifia. Lakini tuliache.

Mama Rukaiya alikuwa hapa juzi kununua mabati. Nilimpikia, tukakaa uani tukipiga soga, akacheka mpaka Asmaa akaja kuuliza kuna nini. Alikuwa anasimulia vituko vya Mama Mkubwa. Halafu akaniambia suruali yako ya Idi unaifunga kwa kamba, na kwamba usiku anasikia unavyoamka. Mjomba, alilia. Ni mke wako, mimi si wa kumwambia asilie, nikalia naye.

Ameniambia na jingine, akidhani nalijua. Asubuhi ile ya Nanganga, Mama Mkubwa alikutangulia kwenye gari la vipimo akaandikisha ukoo mzima, na wewe akakuandikisha Saburi. Sote tunajua ni yeye peke yake aliyebaki kukuita jina la utotoni, kana kwamba jando lako hakuliona. Baadaye ukafika wewe ukajiandikisha Bakary, jina ulilotoka nalo jandoni. Wakaita Bakary, ukaenda ukatoa damu. Wakaita Saburi, ukainuka tena ukatoa damu.

Nilicheka sana, Mjomba. Kwa nini hukuwaambia kwamba umeshatoa?

Lakini baada ya kicheko nikawaza. Kama damu zilitoka mbili, majibu nayo yalirudi mawili. Wewe umeniandikia moja. La Saburi liko wapi?

Mimi,
Munira


Nandagala
20 Julai 2025

Mwanangu Munira,

Marahaba. Sisi tuko salama, ufuta umeuzwa, mabati yamefika.

Sikuwaambia kwa sababu dada yangu alikuwa amekaa palepale na fimbo yake. Jina la Saburi likiitwa mbele yake na mimi nikakaa kimya, ni kama nimemkana. Nikainuka. Nikadhani pia labda damu ya kwanza haikutosha. Kijana mwenye koti jeupe alinipa mkono kwa mara ya pili na hakunikumbuka.

Bahasha ina karatasi mbili. Ya Bakary unaifahamu. Ya Saburi inasema utumbo hauvuji hata kidogo, zonulini iko chini ya kiwango, na wanampongeza kwa afya njema. Ni mkono uleule, asubuhi ileile, kiti kilekile. Nimeiweka kabatini tangu Aprili.

Sasa utauliza kwa nini niliificha, na wewe ni mpole, hutauliza kwa ukali, ndiyo maana najibu. Karatasi hii ya pili inaivunja ile ya kwanza. Niliiona siku ileile, hesabu ni kazi yangu. Na kama damu haijui, nilijua ni kipimo gani kinafuata, tena nilijua kitapimwa na nani, maana Ruangwa nzima nimeifundisha na siwezi kupeleka kitu kile kwa mwanafunzi wangu. Ingebaki Nachingwea. Ingebaki wewe.

Mama yako alipofariki hukuwa umeanza kutambaa. Nilikuwa mwalimu kijana, sijaoa. Mwanamvua alikuwa na watoto wake wadogo, nikasema huyu nampeleka kwenye nyumba yangu ya shule. Nimekuosha mimi. Nepi zako nimezifua kisimani huku darasa la sita zima likichungulia, na sikuona haya hata siku moja, kwa sababu ulikuwa mtoto na mimi mkubwa. Leo mimi nikuletee kikopo, wewe uinamishe jicho kwenye hadubini umwangalie mjomba wako? Mkono nimetoa. Hata mara mbili nimetoa. Hilo jingine siwezi, Munira, na naona haya hata kuliandika.

Usinijibu kwa haraka.

Bakary


Nachingwea
27 Julai 2025

Mjomba wangu,

Nimejibu haraka, nisamehe.

Karatasi mbili nimezipokea. Nimezitazama na Emmanuel, mwenzangu wa maabara, nikiwa nimeyafunika majina kwa kidole. Akasema ni watu wawili, mmoja mgonjwa na mmoja mzima. Nikaondoa kidole nikamweleza. Alikaa chini. Hatukucheka, kwa sababu tunajua kuna watu wangapi Nanganga wana karatasi moja tu na hawana dada wa kuwaandikisha mara mbili. Dada yako amefanya bila kujua kitu ambacho wenye gari wangepaswa kukifanya wenyewe kabla ya kumpa mtu majibu.

Siwaiti wezi. Huenda hata wale vijana wanaamini mashine yao. Lakini ukirudia kipimo kwenye damu ya mtu mmoja ukapata ndiyo na hapana, hicho bado hakijawa kipimo.

Kuhusu haya yako sina la kukusahihisha. Mambo ya nepi sikuyajua. Umeniambia habari nyingi za mama, hiyo hukuwahi, na nilipoisoma nilimpakata Asmaa akanisukuma akisema namfinya.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ndiye uliyetuandikia ubaoni. Unaona kama dunia itakuwa imepinduka. Haijapinduka, imezunguka tu, na ni wewe uliyenifundisha kwamba inazunguka.

Nakupa njia. Siku utakayotaka, kwenye dirisha la maabara atakaa Emmanuel. Mimi nitatoka nje kabisa, nitakwenda sokoni. Atapima yeye, ataandika yeye. Na kama hata Emmanuel ni mzigo, watani tunao wa nini? Silvanus yuko hapahapa mjini. Babu zetu na babu zake walipeana ruhusa ya kutukanana na kuzikana, na yeye ndiye aliyeteremka kaburini siku ya babu. Aliyebeba lile atashindwa kikopo?

Wali upo siku yoyote utakayokuja.

Munira


Nachingwea
16 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yangu hukuijibu kwa karatasi. Umeijibu jana, saa za asubuhi, kwa njia ya Silvanus.

Sijui kama ulimwagiza anyamaze. Kama ulimwagiza, hakusikia. Alikuja dirishani amevaa suti ya kanisani na tai, kikopo kimefungwa kwenye leso nyeupe, akasimama mbele ya foleni nzima akasema kwa sauti, "Nipisheni jamani, nimebeba mali ya ukoo wa watu! Hawa watani zangu wachoyo, maisha yao yote hawajawahi kunipa kitu. Leo wamenipa hiki!" Kina mama walicheka mpaka mmoja akasahau namba yake. Jina lako hakulitaja. Amenisimulia Emmanuel, kwa sababu mimi nilipomwona Silvanus akiingia getini nilitoka kwenda sokoni kama nilivyoahidi. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Na nilijua uko mjini, Mjomba. Silvanus haendeshi pikipiki mpaka Nandagala asubuhi akarudi na kitu kibichi namna ile. Nilijua umelala kwake, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilitamani kuja, miguu ikafika mpaka kona. Nikarudi, kwa sababu hukuniita.

Majibu ni haya. Emmanuel amewaona mara tu alipoinama, wadudu wadogo wanaoitwa jiadia, wengi. Huingia kwa maji yasiyochemshwa na hukaa utumboni miezi. Ndio wanaojaza tumbo, ndio wanaokukimbiza, ndio waliokukondesha. Nikueleze na hili, kwa kuwa unapenda ukweli wote. Wadudu hawa wanaweza kweli kulegeza ile mishono ya mkeka. Kwa hiyo huenda utumbo wako ulikuwa unavuja kama karatasi ya Bakary ilivyosema, lakini ilipatia kwa kubahatisha, na ya Saburi ikakosea kwa kubahatisha. Hakuna hata moja iliyokuwa na uwezo wa kukuambia sababu, na dawa inafuata sababu.

Barua hii anakuletea Silvanus sasa hivi. Daktari anakusubiri leo mchana akuone ndipo akuandikie dawa. Mlango wake uko upande wa pili wa jengo, hupiti dirishani kwangu. Mama Rukaiya achemshe maji ya kunywa ya nyumba nzima, na Mama Mkubwa akigoma mwambie ni agizo la mwenye koti jeupe.

Mwanao,
Munira


Nandagala
14 Septemba 2025

Mwanangu Munira,

Marahaba, na nyingine juu yake. Tuko wazima sote, na safari hii sisemi kwa mazoea. Mabati yamekwisha kuezekwa. Mwanamvua anakunywa maji ya kuchemsha na anasema hayana ladha, lakini anakunywa.

Dawa nilimaliza kama nilivyoambiwa. Ilikuwa na ladha ya msumari. Wiki iliyofuata Mama Rukaiya alisonga ugali wa muhogo, akapika mbaazi kwa nazi na kisamvu kilichotwangwa na karanga, akaweka sahani yangu mkekani pamoja na za wengine badala ya barazani. Nilikula. Watu wote waliacha kula wakawa wananitazama mimi. Nikawaambia hili ni tumbo, si mkutano wa hadhara. Nikaongeza ugali, nikalala, na sikuamka mpaka adhana ya alfajiri. Suruali naifunga kwa mkanda sasa, tundu la tatu.

Ule unga wa kopo nimewapa kuku. Mmoja tu ndiye aliyeukubali.

Nanganga nimekwenda. Nimekaa na waliopimwa siku ile, nikawaonyesha karatasi zangu zote mbili, nikaeleza kwamba Saburi ni mimi na Bakary ni mimi. Kwa mwalimu mzima hilo si jambo dogo, lakini walipocheka nilicheka. Wawili wameshaanza kula mbaazi. Mama mmoja mwenye tumbo kama langu amekwenda hospitali na kikopo chake, mchana kweupe, akanishinda ushujaa.

Sasa daktari wako anataka nipimwe mara ya pili, ahakikishe hawa wadudu wamekwisha. Silvanus amesikia, ameshapiga pasi ile suti. Nimemkatalia. Amenitukana vizuri sana na amekubali.

Nilifikiri sana pale kwake mwezi uliopita, nimelala chumba cha uani, najua uko mitaa miwili na mimi nimejificha kama mwizi kwa ajili ya kitu ambacho kila mtu anacho. Siku zile za nepi ulikuwa unanicheka. Ulikuwa huna meno, nakuosha na unacheka, na mimi nacheka. Hatukuwa na haya, mimi wala wewe. Nimejiuliza nilianza lini kudhani kwamba haya ndiyo heshima.

Jumatatu ya tarehe 22 nakuja na Noah. Nafikia kwako, nitalala kwako, na huo wali nitaula. Jumanne asubuhi kikopo nitakibeba mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia, kwenye foleni na watu wengine. Emmanuel nampenda, ni kijana mzuri, lakini mpe ruhusa siku hiyo.

Dirishani ukae wewe.

Mjomba wako,
Bakary